Panki Haikuungua Mtoni

Novemba 26, 2016, mfanyabiashara Mwingereza Joe Corré aliteketeza nguo na rekodi zake za muziki wa panki juu ya Mto Thames, London. Alisema zina thamani ya pauni milioni 5, na kwamba panki imegeuzwa kitu cha makumbusho. Kuhusu taasisi zilizokuwa zikisherehekea miaka 40 ya muziki huo, hakukosea. Kuhusu mashabiki, alikosea kabisa, kwani kilichoungua ni vitambaa na plastiki.

Mwanasosiolojia Andy Bennett, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, aliwahoji mashabiki wa panki wa makamo wa Kent mashariki, Uingereza. Wengi walikwisha kuacha mitindo ya nywele na mavazi ya ujana. Ukumbini hawakurukaruka tena mbele ya jukwaa. Walisimama nyuma au pembeni, wakisikiliza. Mpita njia angedhani wamepoa. Wenyewe walieleza kuwa panki imewaingia kiasi cha kutohitaji vazi la kuithibitisha.

Isitoshe, panki haikuwa ya vijana watupu hata ilipoanza. Charlie Harper, msusi wa London aliyezaliwa 1944, alikuwa na miaka 32 kundi lake la UK Subs lilipoundwa, na aliendelea kuimba jukwaani baada ya kuvuka 70.

Hasira ya panki nayo hulishwa na maisha. Kupanda kwa kodi ya nyumba, kupunguzwa kazini, foleni ya hospitali: mambo haya mtu wa miaka 55 huyajua kwa undani kuliko kijana wa 18 aliyekasirishwa na mwalimu wake.