Kiongozi Ni Yule Anabaki Kupanga Viti

Wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana mimi na marafiki wawili tulinunua unga, sukari na mafuta ya kupika, tukapelekea mama mmoja hapa mtaani. Kabla apokee nikamwambia, "Mathe, ngoja kidogo, mwanga si poa." Akangoja. Simu ilipoanza kurekodi, akageuza uso akaangalia ukuta.

Video ilifanya vizuri sana. Watu waliandika "Mungu akubariki kijana" mpaka nikajiona mtume. Nimeshaifuta, lakini vile yule mama aligeuka bado naona.

Nawaambia hii kwa sababu sisi vijana tumekuwa wakali kwa wanasiasa wanaotumia kanisa, na ni sawa tuwe wakali. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alisema pesa zilizotolewa na Rais Ruto katika Kanisa Katoliki la Soweto zirudishwe. Manze, tulishangilia! Lakini usiku huo nikajiuliza: mimi na mheshimiwa mwenye bahasha tofauti yetu ni nini? Moyo wa rais siujui. Wangu naujua. Nilitaka kuonekana.

Kuna mtu anaitwa Bruda Peter Tabichi. Ni mtawa Mfransisko, mwalimu wa hesabu na fizikia kule Keriko, shule ya kijijini Njoro, kaunti ya Nakuru. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na watoto wengi walitoka familia zenye hazina kitu. Mwaka 2019 alishinda Global Teacher Prize huko Dubai, dola milioni 1. Ndiyo sasa dunia ikajua kwamba alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia watu. Ona mpangilio wa mambo hapo. Kamera zilimkuta akiwa kazini. Wanafunzi wake walikuwa wamemjua kitambo.

Najua kuna msee atasema, "Lakini bila kuonyesha, watu wataiga nini?" Swali poa. Hata Yesu alitaka wanafunzi wake waige. Usiku wa mwisho alifunga taulo kiunoni akawaosha miguu, kazi ya mtumishi, halafu akawaambia wafanyiane hivyo. Lakini angalia ni nani walikuwa ndani ya hicho chumba. Petro aliyekataa kuoshwa. Yuda aliyekuwa tayari kumuuza. Hakukuwa na umati. Watu walioona mfano ni wale wale waliooshwa miguu.

Hapo ndipo mimi nilikosea. Mfano wangu uliwafikia watu maelfu wasionijua, na mtu mmoja aliyekuwa mbele yangu nikamuaibisha.

Nilipaswa kujua, kwa sababu mimi mwenyewe nimeongozwa vizuri. Nilipoacha chuo juu ya karo, niliacha kanisa pia. Nilikuwa naona aibu kuulizwa "masomo yanaendeleaje?" Kiongozi wetu wa vijana alikuja nyumbani siku ya Alhamisi. Hakubeba Biblia. Alimkuta mathe akimenya viazi, akachukua kisu akamsaidia. Akaniuliza tu, "Umekula?" Alikuja Alhamisi iliyofuata, na nyingine, karibu miezi mitatu. Mpaka leo hajawahi kunitaja kwenye ushuhuda wake. Mimi ndiye natoa hiyo stori, na sikuombwa.

Huyo jamaa kila Jumapili ibada ikiisha hubaki kupanga viti. Hajawahi kutangaza ati vijana wabaki. Mwanzoni alikuwa peke yake. Siku hizi ukichelewa kutoka nje unapata vijana wa kidato cha pili wamemaliza kupanga, na yeye anafagia.

Sisemi tuache kurekodi. Hii ni kazi yangu, inanilisha. Lakini nimejiwekea sheria moja: yule ninayemsaidia akiwa hawezi kukataa kurekodiwa bila kuogopa kukosa unga, simu inabaki mfukoni. Na ukiwa kiongozi wa kwaya, wa chama, wa darasa, hata wa kikundi cha kuchanga, usiulize wangapi wanakufuata. Uliza kama wale unaokaa nao karibu wanajisikia wamependwa.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule mama. Nikamuomba msamaha. Aliniangalia kwa muda, halafu akasema maji yamepotea tangu Jumanne, kama sina kazi nimchotee. Mitungi minne, ngazi za ghorofa tatu. Mgongo uliniuma siku mbili.

Wiki hii naenda tena.

Na wewe, ni nani alikufundisha imani bila kukuhubiria? Leo mpigie umshukuru. Usiposti, mpigie tu.