Neno la Mhariri: Fonti ya Chaki na A Sita

Toleo hili tumelitenga kwa herufi na watu wanaozichora, nami nalifungua kwa dai moja: anayetaka kubuni fonti ya chaki kwa ajili ya Kiswahili aanze na maneno yatakayoandikwa, vumbi la chaki lifuate baadaye.

Fonti za chaki zipo tele. Apple iliweka Chalkboard kwenye kompyuta zake mwaka 2003, na tangu hapo zimefuata nyingine chungu nzima, zenye mikwaruzo na kingo zilizochakaa. Nyingi zinakumbusha ubao wa mgahawa wa Ulaya au Marekani, ambako mwandiko wa chaki huashiria chakula cha nyumbani na mambo yasiyo rasmi. Kwetu chaki ina hadhi nyingine. Kwa vizazi vingi, kilichoandikwa ubaoni ndicho kilichonakiliwa daftarini, na cha daftarini ndicho kilichotoka kwenye mtihani. Mwandiko wa mwalimu husimama wima, herufi zake kubwa zimeachiana nafasi, ili mtoto wa dawati la nyuma asome bila kukodoa macho. Mama lishe anayeandika bei za leo mlangoni huandika kwa mkono aliofundishwa na mwalimu huyohuyo. Mbunifu akiivisha chaki yetu madoido ya mgahawa wa watalii, amepata vumbi na amemkosa mwalimu.

Chaki yenyewe nayo ina tabia zake. Nyingi hutengenezwa kwa jasi, madini ambayo kwetu huchimbwa Itigi, mkoani Singida, na Makanya, wilayani Same. Kipande kipya huandika mstari wa unene mmoja. Kikitumika hulika upande, ncha huwa bapa, na hapo mstari wa kushuka na wa kwenda kando huanza kupishana unene. Mwandishi mzoefu hukizungusha vidoleni akiendelea kuandika. Chaki iliyoloweshwa maji huandika kwa weupe hafifu, kisha mstari hukolea ukikauka. Mkono hukandamiza mwanzoni na kuachia mwishoni. Haya ndiyo ya kuchora kwanza. Punje za vumbi zitiwe kwa kiasi, maana kila kitundu ndani ya herufi ni kazi ya ziada kwa kompyuta: zikizidi, faili huwa zito, na kwenye skrini ya simu herufi huziba.

Sasa tuje kwenye maneno. Wabunifu wengi hujaribu fonti zao kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, iliyotungwa ili kila herufi ya alfabeti ipatikane. Ndani yake a hutokea mara moja tu. Andika sasa “chapati na maharage”: herufi 17, na 6 kati yake ni a. Mkono wa binadamu hauwezi kuchora a sita zilizofanana, ilhali fonti yenye a moja itazitoa zote sita zikiwa na mkwaruzo uleule, mahali palepale. Hapo msomaji hushtukia kwamba anadanganywa, hata asipojua kwa nini.

Dawa ilikwishapatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Waholanzi Just van Rossum na Erik van Blokland walitengeneza Beowolf, fonti ambayo umbo la kila herufi hubadilika kila inapochapwa. Baadaye mfumo wa OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, uliwezesha fonti kubeba maumbo kadhaa ya herufi moja na kuchagua linalofaa kwa kutazama herufi jirani. Fonti nyingi za mwandiko hutumia uwezo huo kwa jozi zinazojirudia katika Kiingereza, kama ll, ss na tt. Kiswahili kinadai hesabu nyingine: a nne au tano, moja ikiwa ya kufungia neno, aa za “taa” na “kukaanga” zinazopishana kidogo, k na w zenye sura zaidi ya moja. Kinadai pia ng' ambayo ritifaa yake haigeuzwi kuwa alama ya kufungulia usemi, kosa linaloweza kuharibu bango la supu ya ng'ombe. Na bei zetu zinadai alama ya /= iliyochorwa kama wauzaji wanavyoiandika.

Wapo watakaosema fonti ya namna hii itawanyang'anya kazi waandika mabango. Hofu hiyo ina msingi. Mbunifu anayenakili mwandiko wa mtu aombe ruhusa, amtaje na amlipe. Hata hivyo, jalada la kitabu na tangazo la simu tayari vinatumia fonti; swali lililobaki ni za nani. Na fonti hii ni ya vichwa vya habari na mabango. Anayeipangia aya nzima anamchosha msomaji bure.

Kwa hiyo, kwa wabunifu watakaosoma kurasa zinazofuata, tunapendekeza kipimo kimoja: kabla hujaiuza fonti yako kama ya Kiswahili, ichapie orodha ya vyakula ya mama lishe, pamoja na bei zake. Zikitokea a mbili pacha zimekaa jirani, rudi ukachore nyingine.