Watahini, Muulizeni Mgonjwa

Mtihani wa mdomo wa kufuzu kuwa daktari wa familia hapa Kenya unapima masikio ya profesa. Ya mgonjwa haujali. Nasema hivi nikiwa mmoja wa wanaojiandaa kuufanya.

Viva yetu ni Kiingereza. Mgonjwa unamsalimia na kumhoji kwa Kiswahili, kisha unamgeukia mtahini na kumwaga Kiingereza, mwenyewe akiwa amelala katikati yenu anaangalia dari. Alama unapata kwa hayo ya pili.

Fani hii bado changa kwetu. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuifunza mwaka 2005, na huku Nakuru tuna Kabarak. Upasuaji tunafunzwa pia, lakini kazi kubwa ni kukaa na mama wa Njoro, mzee wa Molo na kijana wa mashamba ya maua Naivasha, mkaelewana.

Chukua neno presha. Kwa daktari ni namba kwenye mashine. Mtaani ni mawazo: karo, kodi ya nyumba, bwana asiyerudi. Sasa mtu akitulia moyo, anaweka dawa kando. Si presha imeisha? Baadaye analetwa amepooza upande mmoja. Sijawahi kukutana na swali la viva linalonitaka nimweleze, kwa lugha yake, kwamba presha inaweza kupanda ukiwa unacheka.

Badala yake tunawaambia, "Mama, BP iko juu, tuta-adjust dose." Anajibu, "Sawa, daktari." Hiyo sawa ndiyo inaua watu.

Najua utetezi. Ati vitabu ni vya Kiingereza. Viendelee kuwa, nani amekataa? Ati wengine wanajua Kikalenjin au Kikuyu tu. Basi tujifunze lugha za tunakopelekwa. Lakini Bonde la Ufa limechanganyika, na baada ya yale Nakuru iliyaona mapema 2008, lugha isiyomuuliza mgonjwa kabila lake si kitu kidogo. Katiba ya 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi sawa na Kiingereza.

Uingereza, daktari aliyesomea ng'ambo huthibitisha kwanza kwamba Kiingereza anakijua. Na wanaotaka kuwa madaktari wa familia hupimwa wakizungumza na waigizaji wanaojifanya wagonjwa. Wao wanapima lugha ya mgonjwa wao. Sisi pia tunapima lugha ya mgonjwa wao.

Ninachodai ni kidogo: kituo kimoja, dakika kumi, Kiswahili. Nikimaliza kueleza, nitoke nje. Kisha mtahini amuulize mgonjwa: una ugonjwa gani, dawa utameza vipi, utaacha lini? Akikwama, nimefeli, hata kama Kiingereza changu ni cha BBC.