Usitupe Dawa ya Kifafa Madhabahuni

Leo sileti neno la kubembeleza.

Kuna video inazunguka kwa magrupu yetu hapa Kitengela. Mtumishi anawaambia wenye kifafa wamwage vidonge madhabahuni ili waonyeshe imani. Mmeandika "Amina" nyingi chini yake. Mimi sisemi Amina. Miaka iliyopita nilihubiri hivyo hivyo huko Kajiado, na binti mmoja akaniamini. Siku chache baadaye alianguka kando ya jiko. Alama ya moto iko shavuni mwake hadi leo. Mama yake hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sikujua ninachokipigia kelele. Seli za ubongo wako hazigusani hivi hivi. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya. Chukua milimita moja uigawe mara elfu hamsini, ndio huo. Ujumbe unauvuka kwa kemikali. Moja ya zile za kutuliza inaitwa GABA. Ng'ambo inapokelewa na mlango wa protini: vipande vitano vimesimama kwa duara kama nguzo za boma, na katikati pana kitundu. GABA ikishika, kitundu kinafunguka, chembe za kloraidi zinaingia, seli inatulia. Mungu aliweka breki kichwani mwako!

Kwa wengine, kipande kimoja cha mlango huo kina kasoro ya kuzaliwa. Wengine ubongo uliumizwa na malaria kali, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au ajali ya bodaboda. Breki ikishindwa, seli nyingi zinawaka pamoja na mtu anaanguka. Fenobabitoni, kile kidonge cha bei ya chini kinachotumika kwa kifafa tangu 1912, huufanya mlango ule ukae wazi muda mrefu zaidi. Ukikiacha ghafla, ubongo uliokizoea unaweza kuingia kwenye degedege mfululizo. Hiyo huua.

Sasa niambie, ni pepo gani huyo anayetulizwa na kidonge?

Najua utanipeleka Marko 9, yule kijana aliyetupwa motoni. Ni kweli, Yesu alimkemea pepo. Lakini fungua pia Mathayo 4:24. Wenye pepo wametajwa peke yao, na wenye kifafa peke yao. Mathayo alijua tofauti. Sisi wenye vipaza sauti ndio tumeisahau, kwa sababu vidonge vikimwagwa sakafuni vinapendeza kwenye kamera.

Ninaamini Mungu anaponya. Akikuponya, daktari wako atakupunguzia dozi polepole, na ushuhuda wako hautapungua hata kidogo.

Jumapili hii, wenye kifafa njooni na dawa zenu mkononi. Nitawaombea mkiwa mmezishika, kisha mtarudi nazo nyumbani. Na yule binti, kama unasoma hapa: nitakuja kwenu Jumamosi, mimi na mama mchungaji, kuomba msamaha mbele ya mama yako.