Malezi: Zimwi la Oktoba na Mtoto Wako

  Mwezi huu naomba tuzungumzie jambo ambalo kwa sisi tunaolea watoto huku Marekani linakuja pamoja na baridi ya kwanza: Halloween. Najua kuna ambao wakiliona neno hilo tu wanataka kufunua ukurasa unaofuata. Subiri kidogo, mwenzangu. Hii si habari ya kukushawishi uisherehekee au uikatae. Ni habari ya mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye kuanzia mwisho wa Septemba anaona mifupa ya plastiki imening'inia dukani, mizuka kwenye baraza ya jirani na popo kwenye dirisha la chekechea, halafu usiku anakuja kitandani kwenu saa nane na kukaa katikati. Hapo hata mapenzi yanakosa nafasi!

Baba na mama wakivutana

Nyumba nyingi za Waswahili huku zina ugomvi wa Oktoba. Kwetu pia ulikuwepo. Karatasi ilitoka chekechea ikisema watoto waje wamejivika. Baba watoto akaisoma, akaiweka juu ya friji, akasema, "Mama watoto, mambo ya mashetani humu ndani sitaki." Mimi nikamuuliza, "Sasa siku hiyo mtoto akae wapi wenzake wakicheza?" Binti yetu, miaka minne, alikuwa anakula ugali wake huku akitutazama kwa zamu kama anayeangalia mpira wa meza.

Ushauri wangu kwa wawili wowote: mazungumzo haya yafanyeni mapema, mtoto akiwa amelala, na muanze kwa kuulizana hofu ya kila mmoja ni nini. Wa kwangu alipotulia, kumbe hofu yake haikuwa pipi wala boga. Alihofu mtoto atakua akidhani kifo na uchawi ni vichekesho. Hiyo ni hofu ya kuheshimiwa, na ukiijua unaweza kuongea nayo.

Inasaidia pia kujua sikukuu yenyewe ilikotoka. Waselti wa Ireland na jirani zao walikuwa na Samhain, siku ya kufunga mavuno na kuingia msimu wa giza. Kanisa nalo likawa na Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu hiyo. Wahamiaji wa Ireland na Scotland waliivusha bahari katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga taa kwa mizizi ya tanipu, wakafika Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga. Ndiyo hadithi nzima ya lile boga lenye meno.

Sisi tulikubaliana hivi: vitabu ndiyo, boga ndiyo, kujivika ndiyo lakini si kitu cha kutisha, na mapambo ya makaburi hapana. Nyinyi mnaweza kukubaliana vingine. Kama mmeamua hamshiriki kabisa kwa sababu ya imani yenu, mwambieni mwalimu mapema na mmpangie mtoto jambo lake la kufurahisha siku hiyo. Kitu kibaya ni baba kusema hivi, mama kusema vile, na mtoto kubaki katikati kama mpira wa kona.

Kwa nini kinyago kinamliza

Umewahi kuona baba anavaa kinyago mbele ya mtoto wake mwenyewe, mtoto akapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta? Wengine husema mtoto huyo ni mwoga, wamdekeza. Hapana. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Rheta DeVries alichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu. Aliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita paka mpole aitwaye Maynard. Kisha akamvisha paka yule kinyago cha mbwa mkali, huku mkia na mwili wake wa nyuma vikionekana muda wote. Wengi wa watoto wa miaka mitatu waliamini paka amegeuka kuwa mbwa. Wa miaka sita walijua fika ni paka yuleyule.

Kwa hiyo mtoto wako mdogo akilia hachezi wala hadeki. Kwa akili yake ya sasa, baba ameondoka na jitu limekuja. Dawa yake ni kumwonyesha kazi yote. Shika kinyago mkononi, mpe akishike, akivae yeye kwanza mbele ya kioo, akivue. Wewe kivae nusu uso huku ukiongea kwa sauti yako ya kila siku. Akikataa, kiweke kando, hakuna mashindano. Wengine huchora tu masharubu ya paka mashavuni na mambo yanaisha.

Vitabu vya kuanza navyo

Hapa ndipo raha ilipo. Maktaba za mitaa huku hukuazima vitabu bure, na mwezi Oktoba nyingi huvipanga kabisa kwenye meza ya mbele. Nenda mapema, maana ikifika katikati ya mwezi vile vizuri vyote vimeshachukuliwa. Mimi nina vinne ninavyovipenda.

Go Away, Big Green Monster! cha Ed Emberley, cha mwaka 1992. Kurasa zake zina matundu. Ukifunua, jitu linajijenga kidogo kidogo: macho, pua, meno, hadi sura nzima. Ukiendelea kufunua, linabomoka kimoja kimoja hadi hakuna kitu. Anayelifukuza ni mtoto. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu hiki ndicho cha kwanza, kwa sababu kinampa mamlaka. Wa kwetu alitaka tukisome mara tano mfululizo, na mara ya tano alikuwa analifokea jitu kwa Kiswahili, "Toka! Nenda kwenu!"

The Little Old Lady Who Was Not Afraid of Anything cha Linda Williams, michoro ya Megan Lloyd, mwaka 1986. Bibi anarudi nyumbani usiku, anafuatwa na viatu vinavyotembea vyenyewe, kisha suruali, shati, glavu, kofia, na mwisho kichwa cha boga. Kila kimoja kina sauti na mwendo wake, na watoto husimama kuvicheza. Mwishoni bibi anavipa kazi: vinaunganishwa na kuwa sanamu la shambani la kufukuza ndege. Yaani kilichotisha kimepewa ajira!

Room on the Broom cha Julia Donaldson na mchoraji Axel Scheffler, mwaka 2001. Mwanamke mwenye kofia ndefu anaruka na ufagio wake na paka, anaangusha vitu, na wanyama wanaomwokotea wanaomba nafasi. Anawapa wote, ufagio unakatika, na joka linapotaka kumla, ni wanyama walewale wanaomwokoa. Somo la ukarimu limo ndani bila mahubiri.

Cha nne si cha Halloween hasa: Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak, cha mwaka 1963, kilichoshinda medali ya Caldecott mwaka uliofuata. Max aliyevaa vazi la mbwamwitu anaadhibiwa, anasafiri hadi kwa majitu, anakuwa mfalme wao, kisha anatamani nyumbani. Akirudi anakuta chakula kinamsubiri, bado kina moto. Mtoto anayeogopa anahitaji kujua hilo kuliko lolote, kwamba akirudi, chakula kipo na mama yupo.

Msisome kama mnasoma taarifa ya habari. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kuwa wazazi waliofundishwa kusoma kwa kuuliza maswali na kumwachia mtoto aongee, ndani ya mwezi mmoja tu watoto wao walikuwa mbele kwa lugha kuliko wenzao waliosomewa kawaida. Kwa hiyo uliza: "Unadhani nini kipo nyuma ya mti?" Nyamaza. Mpe muda. Akijibu neno moja, liongezee liwe sentensi. Baba naye asome, hasa zile sauti nzito. Na kama unaona picha fulani inamkaza mtoto mwili, funua haraka au funga kitabu. Hakuna deni la kumaliza.

Neno moja la kuangalia

Sasa nikwambie jambo ambalo vitabu vya Wazungu havitakuonya. Jioni moja binti yetu alikuwa anaongea na bibi yake kwa simu ya video. Bibi ana miaka zaidi ya sabini, mgongo umepinda kidogo, na macho ni mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote. Mtoto akamtazama kwa furaha kabisa, akauliza, "Bibi, wewe ni mchawi?"

Kwenye simu kukawa kimya. Mume wangu akainuka kwenye kochi.

Mtoto hakukosea kwa akili yake. Kitabuni aliona mwanamke mzee, pua ndefu, paka pembeni, na mtu akamtafsiria: mchawi. Lakini sisi tunajua neno hilo lina uzito gani. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kama Shinyanga na Mwanza, bibi vizee wameuawa kwa panga kwa kuitwa hivyo, na macho mekundu ya moshi wa jikoni yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mtoto wako akienda likizo kijijini na neno hilo mdomoni, akamwelekezea kidole jirani mzee mbele za watu, si kichekesho.

Bibi, Mungu ampe umri, alicheka mwenyewe akasema, "Mjukuu wangu, mimi sina hata ufagio wa maana." Tulipokata simu, mimi na baba watoto tuliweka kanuni. Yule wa kitabuni tunamwita "wichi", kiumbe wa hadithi kama zimwi, hayupo duniani. Neno "mchawi" hatulitumii kwa mtu yeyote, na hatusemi kwamba uzee unatisha. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Na ukiona kitabu ambamo kila bibi kizee ni mbaya, kirudishe maktaba ukachukue kile cha Linda Williams. Humo bibi kizee ndiye shujaa.

Toka hapo kila Jumamosi bibi anamsimulia hadithi ya zimwi kwa simu. "Paukwa!" "Pakawa!" Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi tulikuwa na vitisho vyetu vya usiku, vikisimuliwa na mtu unayempenda, ukiwa umekaa karibu yake. Usiache watoto wakajua majitu ya wenzao tu.

Shughuli za mikono

Boga. Nunueni mawili. Kubwa la kuchonga na dogo tamu la kupika, kwa sababu yale makubwa yana maji mengi na ladha haba. Mtoto achore uso kwa kalamu na achote mbegu kwa kijiko. Kisu ni cha mtu mzima peke yake. Ndani wekeni kimshumaa cha betri badala ya cha moto. Boga dogo likatwe, lichemshwe na tui la nazi, sukari kidogo na hiliki. Mbegu zioshwe, zikauke, zikaangwe na chumvi muwe mnatafuna wakati wa hadithi, ila mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe, zitamkaba.

Sanamu la shambani. Mkishamaliza kitabu cha yule bibi, tandazeni sakafuni viatu, suruali na shati la baba, mtoto aviunganishe huku akisimulia. Baba akilala pembeni ya sanamu lake, vicheko hamtavimaliza.

Vivuli. Zimeni taa, chukueni tochi, tengenezeni popo na sungura ukutani kwa mikono. Mtoto ndiye ashike tochi. Giza analoliwasha na kulizima mwenyewe halimtishi sana.

Kujivika. Kanga moja inatosha kumfanya malkia, na shuka jekundu linamfanya Mmasai au simba, apendavyo. Kama atatoka tarehe 31 kupita nyumba kwa nyumba, nguo isiburuze chini, na ibandikwe utepe unaong'aa gari likimulika. Toka mapema kabla giza halijakolea, mshike mkono, nyumba tano au sita zinatosha. Pipi zote zikaguliwe nyumbani. Pipi ngumu na karanga nzima si za mtoto wa chini ya miaka minne, na mwenye mzio asiguse kitu ambacho hujasoma karatasi yake. Ukiona boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani mlangoni, ujue hapo wanatoa vitu visivyo chakula kwa ajili ya watoto wa aina hiyo.

Kuomba pipi kunaweza pia kuambatana na kutoa. Tangu mwaka 1950 kuna watoto wa Marekani waliopita milangoni usiku huo wakichangisha sarafu kwa ajili ya UNICEF, desturi iliyoanzia Philadelphia. Hapo ndipo baba watoto alipolegea. Alisema kama mtoto atatoa, na yeye atabeba tochi.

Haya wapenzi wangu, ukurasa umekwisha. Usiku huu kabla hujagombana na mwenzio kuhusu mapambo ya jirani, chukueni kitabu kimoja, mtoto katikati, mmoja asome na mwingine afanye sauti ya jitu. Mwezi ujao tutaongea kuhusu wakwe wanaokuja kukaa miezi mitatu. Jiandaeni!