Tetris: Mchezo mzee uliokataa kuzikwa

Ikiwa ulikulia mjini katika miaka ya tisini, bila shaka unakikumbuka kile kidude cha plastiki kilichoandikwa Brick Game. Vijitofali vilidondoka kutoka juu, nawe ukavipanga hadi mstari ukajaa na kutoweka. Changu kilichukuliwa na mwalimu nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo sijakiona.

Asili ya mchezo ule ni Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov jijini Moscow mwaka wa 1984. Kampuni ya Nintendo ya Japani iliutoa kwa mashine yake ya kuchezea kwenye televisheni mwaka wa 1989. Baadaye mashine mpya zilikuja, na ile ya zamani ikaondolewa madukani. Kwa desturi ya biashara, huo ndio uliokuwa mwisho wake.

Lakini wapenzi wake walikataa kuuzika. Tangu mwaka wa 2010 wamekuwa wakishindania ubingwa wa dunia wa Tetris hiyo ya zamani nchini Marekani. Wengi hutumia mashine zile zile za kale pamoja na televisheni nzito zenye kisogo. Si ukaidi. Zile bapa za kisasa huchelewesha picha kidogo, na katika mchezo huu anayechelewa kidogo amekwisha.

Utauliza, mtu mzima atafuta nini katika mchezo anaoujua tangu utotoni? Hapo ndipo penye utamu. Kadiri unavyozidi kupanda viwango, ndivyo kasi ya vijitofali inavyoongezeka. Kwenye kiwango cha 29 huporomoka kwa kasi hivi kwamba ukikishikilia kitufe, kijitofali hutua kabla hujakifikisha pembeni. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba hapo pana ukuta usiopandika.

Mwaka wa 2011, Thor Aackerlund alionyesha kwamba amefika kiwango cha 30 kwa kutetemesha kidole juu ya kitufe. Vijana wakaiga. Takriban mwaka wa 2020 ikazuka mbinu nyingine: kidole gumba hutulia juu ya kitufe, huku vidole vya mkono wa pili vikiupiga mgongo wa kile kifaa mfululizo, kama mtu agongaye meza akisubiri chakula hotelini. Aliyeijua hakuificha, aliwafunza wenzake. Ukuta ukaanguka.

Wengine, mafundi wa kompyuta, wakasoma maagizo yaliyomo ndani ya mchezo wenyewe. Wakagundua kwamba kuanzia kiwango cha 155, mashine yaweza kulemewa na hesabu zake na kuganda. Wakaorodhesha mahali hasa ambapo jambo hilo lingeweza kutokea.

Basi tarehe 21 Desemba 2023, mvulana wa Oklahoma aitwaye Willis Gibson, mwenye umri wa miaka 13, aliketi akacheza kwa dakika 38 hivi. Akafika kiwango cha 157, na mchezo ukaganda tuli. Hakuna binadamu aliyejulikana kuufikisha hapo kabla yake, na mchezo wenyewe ulikuwa umemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20! Ushindi huo aliutoa kwa kumbukumbu ya babake, aliyefariki mwezi huo huo.

Naam, Tetris ina bahati. Mwaka wa 2023, shirika la Video Game History Foundation lilichunguza michezo ya video iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka wa 2010, likakuta asilimia 87 haitolewi tena sokoni ikiwa mipya. Wenye kampuni husema kunakili michezo yao ni wizi, na mali ni mali yao. Lakini mali isiyouzwa wala kutunzwa huishia wapi? Maktaba za Marekani ziliomba ruhusa ya kuwaazima watafiti michezo ya aina hiyo kwa njia ya intaneti. Oktoba 2024 zikakataliwa. Kwa hiyo, mara nyingi mtunzaji aliyebaki ni mpenzi mmoja mwenye kasha kuukuu chini ya kitanda.

Wazazi wenzangu, sisemi watoto waache vitabu wakapange vijitofali. Nasema tuangalie jinsi jambo hili lilivyofanyika: huyu kavumbua, yule kasoma hesabu, mwingine kafundisha, na mtoto akapanda juu ya mabega yao wote.

Juzi mama watoto alitaka kumwita mnunuzi wa vyuma kuukuu aichukue televisheni yetu ya kisogo, inayojaza kona bure. Nikamwomba aiache kwanza. Alinitazama kwa huruma. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Jumapili njema.