Geti halijui jina la kibao chako

Niwieni radhi kwa kimya cha wiki mbili, nilikuwa nashughulika na geti. Naam, geti la nyumbani kwa mama huko Uthiru, na nimetoka huko na jambo ambalo nadhani litawaokolea baadhi yenu pesa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama ana miaka 71 na hapendi rimoti. Huisahau kwenye mkoba mwingine, au betri huisha bila yeye kujua, kwa hivyo tulimwekea kibao cha namba kwenye nguzo: anabonyeza tarakimu nne, geti linafunguka. Usiku mmoja mwezi uliopita alishuka kwenye matatu saa mbili na nusu, mvua inanyesha, akabonyeza namba zake na geti likanyamaza. Kibonyezo cha 7 kilikuwa kimekufa. Ufunguo wa kulegeza mota kwa mkono tunao, lakini hukaa ndani ya nyumba. Alisimama pale karibu dakika 40 mpaka kijana wa jirani akaruka ukuta akamfungulia. (Kwamba aliruka ukuta wetu kwa wepesi ule ni mada ya siku nyingine.)

Nilikifungua kile kibao, nikasugua kwa spiriti zile doa nyeusi zilizo chini ya mpira wa vibonyezo. Jaribuni hilo kwanza, halina gharama. Kwangu lilidumu siku nne. Waliotufungia mota wakaniambia kibao kipya cha kampuni ileile ni shilingi 14,500, na kwamba lazima kiagizwe, nisubiri wiki tatu. Nikapanda matatu kwenda River Road.

Kwa wasiopajua, River Road pamoja na Luthuli Avenue inayokutana nayo ndiko Nairobi hununua redio, spika, kamera za ulinzi, nyaya na kila kitu chenye betri. Duka moja limekatwakatwa likawa vibanda kumi, kila kimoja ukubwa wa kabati. Nilizunguka vitano nikionyesha kibao changu cha zamani kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Hakuna aliyekuwa nacho. Kwenye kibanda cha sita kijana hakukitazama hata kidogo. Akaniuliza, "Mkubwa, mota yako ina START?"

Nakiri niliona haya. Mimi naandika programu kila siku, na kijana huyu ndiye aliyenikumbusha kanuni ya kwanza ya kazi yangu mwenyewe.

Mota ya geti haijui kibao. Kwenye bodi yake kuna mahali pa kufungia nyaya mbili: kwenye nyingi pameandikwa START na COM, kwenye zile za Centurion kutoka Afrika Kusini START huitwa TRG. Nyaya hizo zikigusana kwa nukta moja, geti linafunguka. Basi. Nani amezigusanisha, mota haiulizi. Wanaprogramu wenzangu, hiyo ndiyo API, na ni rahisi kuliko zote nilizowahi kuzitumia. Kwa hivyo kibao chochote chenye rilei ndani yake kinafaa, hata kama kilitengenezwa kwa ajili ya mlango wa ofisi. Nilikilipia shilingi 2,800, na chuma chake ni kizito kuliko cha kile cha kwanza.

Mbona basi tunaambiwa tununue cha kampuni ileile? Kwa sababu vibao vingi vya kampuni havina waya, hutumia redio, na namba ya siri ya redio hiyo hubadilika kila unapobonyeza. Teknolojia moja maarufu ya namna hiyo, KeeLoq, ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1980, na Microchip ya Marekani ikainunua mwaka 1995. Hapo sina ugomvi nao. Namba isiyobadilika ni hatari kweli: mwaka 2015 Samy Kamkar alichukua kifaa cha kuchezea cha watoto akakigeuza kifungue milango ya gereji ya namna hiyo kwa chini ya sekunde 10. Ndiyo maana fundi wa kibandani akikunakilia rimoti yako kwa dakika moja, furahi kidogo na uogope kidogo. Lakini ulinzi wa redio si sababu ya kunifunga kwa muuzaji mmoja wakati mlango wa nyaya mbili uko wazi kwenye bodi ileile. Fundi aliyetutajia 14,500 anaijua START. Hakuitaja.

Sasa tahadhari, maana urahisi huu una upande wake mbaya. Vibao vya bei rahisi vina rilei ndani ya kibao chenyewe, na kibao kiko nje, barabarani. Mwizi mwenye bisibisi anakibandua, anagusanisha nyaya mbili, anaingia. Hahitaji namba yoyote. Mimi nilirudi River Road siku ya pili kwa sababu hiyo hiyo, nikabadilisha: kibao cha kusoma namba tu kikae nje, na kisanduku chenye rilei kikae ndani ya geti karibu na mota. Niliongeza shilingi 1,900, na bado sijafika nusu ya bei ya mwanzo.

Pimeni umeme kwa mita kabla ya kuunganisha. Kibao kinataka volti 12, na mota nyingine hutoa 24. Ukikosea utanusa kosa lako. Rilei nyingi huja zimewekwa sekunde 5, muda wa kufungulia mlango. Ipunguzeni iwe 1. Namba kuu ya kiwandani, mara nyingi 123456 au 888888, ibadilisheni siku hiyo hiyo, maana imechapishwa kwenye karatasi iliyomo katika kila boksi. Na namba ya geti muibadilishe kila baada ya miezi michache, kwa kuwa vibonyezo vinavyotumika huchakaa na kung'aa. Vikichakaa vinne, mgeni ana namba 24 tu za kujaribu. La kushangaza, vikichakaa vitatu, kwa sababu tarakimu moja inajirudia, anazo 36.

Mama ameshachagua namba yake mpya. Haina 7.